Upande wa Mbio

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Casimir ameniomba madaftari mawili ya kuandikia betri. Betri! Nimempa moja, la pili nimebaki nalo mimi. Kama betri za watu zinaandikiwa maisha yao, basi na mimi ninastahili kurasa chache. Mimi ni Zuwena, mjane wa Saidi, wa hapa Birimba mjini Rumonge, mwenye kibanda cha kuchajia simu karibu na soko. Nina binti mmoja, Raisa, miaka ishirini na mbili, mdomo wake ni ule ule wa marehemu baba yake. Leo imenyesha mvua ya kwanza ya maana, bati likapiga kelele mpaka hatukusikiana.

Umeme bado. Nguzo zilizoangushwa huko juu hazijasimamishwa, na wanaotumwa kuzisimamisha wanarudi mbio wakisikia risasi. Kwa hiyo ni jenereta yangu, saa mbili kwa siku, na hizo ni siku ambazo mafuta yamefika. Mafuta nayo yanapita barabara ile ile ya Bujumbura, ambayo askari wanaifungua asubuhi na kuifunga alasiri. Jenereta inajaza betri kubwa ya gari, na hiyo ya gari ndiyo inayojaza betri ndogo za simu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Wateja wengi, wote wana haraka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeanza kumchoka Casimir. Ni fundi wangu, Mkongomani wa Uvira, mtu wa miaka arobaini hivi, alivuka mpaka na mfuko wa bisibisi na sauti nzuri ya kwaya. Amenitengenezea ubao wa vibanio vya nguo. Ndani ya kila kibanio ametia sindano mbili, zinabana betri ya simu pale penye shaba, na umeme unapita. Vibanio vya kushoto ni upande wa pole, saa tatu mpaka betri ijae. Vya kulia ni upande wa mbio, hata saa moja haifiki. Upande wa mbio nimeudai mimi mwenyewe, kwa sababu kwa saa mbili za jenereta siwezi kubembeleza simu za mji mzima.

Sasa huyu bwana kila baada ya dakika kumi anafungua kibanio, anailaza betri mezani, anaitazama kwenye kipimo chake, anaandika. Nikamwambia simlipi alaze betri, namlipa azijaze.

"Mama Raisa," akasema, "hii iko naumia. Ukiikimbiza inaumia mu ndani, na inje hauone kitu."

"Sema inaumia, Casimir. Kila kitu kwako ni iko, iko, iko! Mtu yuko, kitu kiko, betri..."

Nikakwama, kwa sababu betri kweli iko. Raisa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilisomea Ujiji kwa shangazi yangu hadi darasa la saba, na hapa wananitania kwamba naongea kama redio. Na wanitanie. Siwezi kusikia "mutoto iko nalala" nikanyamaza.

Jumanne, 14 Oktoba

Hyacinthe wa mawese ameleta simu isiyofungika kifuniko. Casimir akatoa betri, akaiweka juu ya kipande cha kioo, akaisukuma kwa kidole. Betri isiyo mbovu hulala bapa, haizunguki. Hii ilizunguka kama pia ya watoto, maana imevimba tumbo.

"Iko na mimba," Casimir akasema.

Ndivyo wanavyosema wote hapa sokoni sasa. Nimewaambia kwamba mtu ana mimba, na betri, kama ni lazima kusema upuuzi huo, ina mimba. Hakuna aliyesikia. Betri yenyewe tumeifukia katika mchanga nyuma ya kibanda, kwa sababu Casimir anasema ikitobolewa inawaka. Hyacinthe amenunua nyingine ya mitumba, kuukuu, imefungwa utepe mweupe kama bandeji.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nina jambo la kuandika. Heri, dereva wa basi dogo la Bujumbura, ameniletea furushi kutoka kwa shemeji yangu Mbaraka, mkubwa wa marehemu Saidi. Anakaa Buyenzi, huko huko Bujumbura, na tangu tumzike mdogo wake yeye ndiye baba wa Raisa. Ndani ya furushi mna simu mpya, imeviringishwa kitambaa, na barua. Simu ni zawadi kwa Raisa. Aliyeituma ni Faridi, fundi cherehani wa huko huko Buyenzi, anataka kumwoa. Shemeji anasema ni kijana mtulivu, anaswali, hana deni la mtu. Anataka jibu kabla ya Idi.

Mimi ningejibu leo. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma: naogopa. Kila wiki barabara inameza mtu tunayemjua. Nataka mwanangu awe na mtu wake na mlango wake kabla halijatufika la kutufika. Lakini Raisa aliigeuza simu mkononi, akauliza, "Nitamujuaje, Mama?" Nikamwambia watu wote wanajuana wakishaoana. Akaitia simu kamba, akaivaa shingoni.

Ijumaa, 24 Oktoba

Faridi amepiga simu baada ya swala. Wameongea dakika mbili. Nilikaa karibu nikijifanya nafagia.

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama mvua inanyesha."

"Na mara ya kwanza?"

"Mvua."

Jumatatu, 27 Oktoba

Ramadhani imeingia. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, wamekosekana, tumefuturu kwa muhogo na maharage. Casimir hafungi, ila amekula maandazi yake nyuma ya kibanda, amejificha kama mwizi, ili nisione. Nimeona, na nimempenda kidogo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Casimir kanishika mkono leo, akanikalisha mbele ya kipimo, akaniambia nitazame namba nisiseme neno. Kunyamaza kwangu ni kazi kubwa kuliko saumu, lakini nilitazama.

Alikuwa na betri mbili, zote zimetoka upande wa mbio, zote zinajiita zimejaa. Akakata umeme. Ya kwanza namba yake ilishuka kidogo, ikatulia, basi. Ya pili ilishuka, ikasimama mahali fulani kitambo, kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu nyumbani, kisha ikashuka tena. Akairudia mara tatu. Kila mara ilisimama pale pale.

"Munaona? Inasita," akasema. "Hapo ndipo iko naniambia kama imeumia. Wakati iko naingia umeme haisemi kitu. Ukiiacha ipumzike ndiyo inasema. Ukiirudisha ku upande ya pole siku mbili tatu, mara ingine inapona. Ukiendelea kuikimbiza, inabeba mimba."

Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, ameiona tu, ipo kwenye daftari tangu ukurasa wa nne. Nikaangalia. Kila betri ya mji huu imo, kwa jina la mwenyewe, na mbele ya baadhi ameandika: imesita. Na mimi mwezi mzima nilidhani ananiibia saa za kazi.

Jumapili, 2 Novemba

Nimemnunulia daftari lake la pili, hili langu nimebaki nalo.

Jumatano, 5 Novemba

Raisa hajasema ndiyo wala hapana. Leo nimempigia kelele. Nimemwambia wasichana wa rika lake wana watoto wawili, na kwamba mtu hachunguzwi mpaka kucha. Akanijibu taratibu, akipanga simu za wateja, "Niolewe na mvua, Mama? Ndiyo kitu nimejua kwake, kama iko anapenda mvua." Nilitaka kukasirika, kicheko kikanishinda, na kucheka nimefunga ni jambo gumu, koo linakauka.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefanya kosa, nami naliandika. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanaisha na Heri hajaleta mengine. Saa kumi Casimir alitoka kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Betri ya Raisa ilikuwa upande wa pole, na daftari limeandikwa kubwa: *ya Raisa, imesita, isikimbizwe*. Lakini Faridi alikuwa hajapiga bado, na mimi nikaona leo labda ataongea la maana kuliko mvua, na simu ikizimika katikati je? Nikaihamisha kwenye kibanio cha mbio. Saa nzima. Kabla Casimir hajarudi nikairudisha kushoto.

Faridi hakupiga. Mtandao ulikuwa mbaya.

Jumamosi, 8 Novemba

Betri ya Raisa imevimba. Asubuhi kifuniko cha simu kilikuwa kimeinuka chenyewe, na juu ya kioo ikazunguka bila kusukumwa sana. Raisa akaivaa simu tupu shingoni kwa kamba yake kama kawaida. Casimir aliitazama ile betri, akanitazama mimi, akaenda kuifukia. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Nikaona angalau niitafutie nyingine. Betri za namna ile hapa hazipo, Bujumbura zipo. Nikampigia Shemeji kwa simu ya kibanda, chaji ikiwa ya mwisho, mtandao unakatika kama mtu mwenye kwikwi. Ilinibidi nipige kelele. Nikasema, neno kwa neno:

"Shemeji, ile ya Raisa iko na mimba! Ni Casimir ameiona! Kosa ni langu, ni mimi nilitaka mambo ya haraka! Fanyeni upesi, mbele ya Idi!"

Sikusikia alichojibu. Simu ilizimika. Naamini atatuma betri na Heri.

Jumapili, 9 Novemba

Mtandao umekufa kabisa. Wanasema antena imeishiwa mafuta, kama mimi.

Jumatatu, 10 Novemba

Jioni Heri alifika, wa mwisho kupita kabla barabara haijafungwa. Hakuleta betri wala mafuta. Aliniletea karatasi iliyokunjwa nne, mwandiko wa Shemeji, kalamu imetoboa karatasi:

*Nimesikia ulichosema. Ninakuja kesho Jumanne. Huyo Casimir asitoke Rumonge. Raisa asiguswe na mtu mpaka nifike mimi na fimbo yangu.*

Nikaisoma mara mbili. Nikamwita Casimir, nikamuuliza kama ana kesi yoyote na Shemeji. Akasema hajawahi kumwona. Raisa akaichukua karatasi, akasoma, akauliza, "Mama, ulimwambia nini ku simu?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye "ile ya Raisa iko na mimba" yeye alikuwa amekwisha kufunika mdomo. Mtandao ulikatika mwanzoni, na kilichofika Buyenzi ni: Raisa iko na mimba. Ni Casimir. Mbele ya Idi.

Miaka yote ninawasumbua watu na yuko na iko, ana na ina. Ningesema "ina mimba" kama nilivyofundishwa Ujiji, hata mtandao ukikatika mahali gani Shemeji angejua si mtu. Lakini nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilisema kama soko linavyosema. Raisa alicheka mpaka akakaa chini, halafu katikati ya kucheka akaanza kulia. "Ameamini," akasema. "Hata kuuliza hakuuliza. Baba Mukubwa ameamini." Casimir yeye alikuwa amesimama na kibanio mkononi, amepauka.

Na Faridi lazima ameambiwa. Hilo sikulisema kwa sauti, lakini Raisa analijua, kwa sababu ameivua ile simu shingoni.

Jumanne, 11 Novemba

Sijala daku. Nilikwenda kwenye maegesho ya mabasi kabla jua halijapanda, nimkute Heri nimtume amrudishe Shemeji njiani. Heri hakuwasha gari.

"Mama Raisa, siendi. Banasema mbele ya Magara kuko risasi tangu usiku. Magari yote ya Bujumbura bamesimamisha Kabezi."

Kwa hiyo Shemeji, kama ametoka kama alivyoapa, yuko Kabezi, na ninamjua. Ana miaka sitini na moja na akiwa na hasira hasimami. Atatafuta lori lolote lenye dereva mjinga. Atakufa njiani kwa ajili ya betri ya simu.

Saa nne Hyacinthe akapita akasema antena imewashwa, wamepata dumu moja la mafuta, haijulikani litatosha mpaka saa ngapi. Nikakimbilia kibandani. Simu yetu imekufa, jenereta kavu tangu Ijumaa. Casimir akapima betri ya gari.

"Iko na pumzi kidogo," akasema. "Inaweza kujaza ndogo moja, ku upande ya mbio. Mbili haiwezi."

Betri zinazoingia katika simu ya kibanda zilikuwa tatu: ile ya kibanda yenyewe, moja mpya inayong'aa ya bwana wa kilimo, na ile ya Hyacinthe yenye utepe. Nikashika ile mpya nikamwambia atie hiyo, upesi. Hakuitia.

"Zote nimezikimbiza mwezi huu," akasema. "Iliyoumia itasema imejaa, halafu ukipiga tu inazimika. Tungoje, niziulize."

Akatia kila moja dakika tatu upande wa mbio, akaikata, akaiacha ilale. Sijawahi kungoja namna ile, hata siku nilipomzaa Raisa, maana siku ile nilikuwa na kazi ya kufanya. Huyu mtu ametulia, saa yake mkononi, penseli mdomoni, na ndugu wa mume wangu yuko barabarani! Nilimwita majina ambayo kwa mwenye saumu si halali. Hakuinua kichwa. Ya kibanda ilishuka, ikasita, ikashuka tena. Ile mpya inayong'aa, hivyo hivyo. Ya Hyacinthe ilishuka kidogo, ikatulia.

"Hii."

"Hiyo yenye bandeji?"

"Hii, Mama Raisa."

Akaibana, pumzi yote ya betri ya gari ikaingia humo, na kila baada ya muda aliigusa kwa mdomo wake wa juu kuona kama imepata moto. Dakika ishirini. Kisha tukatoka nje mvuani, nikapanda juu ya kreti la bia penye mtandao, Raisa akashika mwavuli. Aliifunika simu, mimi nikalowa.

Mara ya kwanza iliita mpaka ikakata. Mara ya pili ikapokelewa, lakini sauti haikuwa ya Shemeji.

"Allô?"

"Nipe Mbaraka!"

"Mzee iko kule barabarani, anapatana na dereva ya lori ya bia. Ni nani anasema?"

"Mama yake Raisa!"

Taratibu, sauti ikasema, "Shikamoo, Mama. Ni Faridi. Huko mvua inanyesha?"

Nusura niitupe simu ziwani. "Wewe unafanya nini Kabezi?"

"Mzee alikuja kunielezea kama ndoa imekufa. Akasema anakuja huko na fimbo. Nikaona, aje na fimbo, na mimi nikuje."

"Uje kufanya nini?"

"Kukaa katikati, Mama."

Raisa alikuwa ameweka sikio lake karibu na langu, shavu lake baridi kwa mvua, na nikahisi amesikia.

"Faridi, mwanangu, nisikilize. Raisa hana mimba. Betri ndiyo ina mimba. Betri ya simu uliyomletea. Imevimba!"

"Betri."

"Betri!"

"Ile nilitumaka?"

"Hiyo hiyo! Mshushe Mzee kwenye lori, kimbia!"

Nikamsikia anakimbia kwenye tope, pumzi zake, honi ya lori, na mbali kidogo sauti ya Shemeji inakataa kusikiliza mtu. Halafu Shemeji mwenyewe: "Zuwena! Uliniambia Casimir!"

"Casimir ndiye fundi!"

"Uliniambia mbele ya Idi!"

"Uniletee betri nyingine mbele ya Idi!"

Honi tena. Dereva anauliza mzee anapanda au hapandi, kiti cha mbele kuna mwingine anakitaka. Nikamwambia Shemeji asipande lile lori, njia ina risasi, namwomba kwa haki ya Saidi. Nikasikia mlango ukipigwa, injini ikinguruma na kuondoka. Kisha nikasikia mtu anahema.

"Nimebaki," Shemeji akasema. "Nina aibu kuliko njaa, Zuwena. Mwambie mutoto..."

Hapo betri ikaisha. Casimir aliangalia saa yake, akasema dakika nne na nusu, akaingia ndani kuandika. Nilishuka kwenye kreti nikamfuata, nikamkumbatia mbele ya soko zima, Mkristo wa Uvira na mimi mjane nimefunga. Wenye kusema wamesema.

Alhamisi, 13 Novemba

Askari wamelivuta lile lori la bia mpaka hapa Rumonge. Dereva yuko hospitali. Mlango wa upande wa abiria una matundu sita. Aliyekuwa amekaa kiti cha mbele alikuwa muuza chumvi wa Kabezi, wamemzika jana.

Nilikwenda nikautazama ule mlango. Nilirudi, nikakaa, nikashindwa kufanya chochote mpaka adhuhuri. Namwombea yule muuza chumvi, simjui jina.

Mchana nikamwambia Casimir ukweli, kwamba ni mimi niliyehamisha kibanio siku ile ya Ijumaa. Akafungua daftari, akanionyesha. Limeandikwa: *Ijumaa, ya Raisa, Mama Raisa ameipeleka mbio saa moja, namba zimebadilika.* Alijua tangu jioni ile ile.

"Kwa nini hukusema?"

"Mulikuwa munangoja mutu wenu apige simu," akasema. "Mutu akingoja hivyo, haifai kumukaripia."

Ijumaa, 14 Novemba

Redio inasema watatia sahihi ya amani huko Dar es Salaam keshokutwa. Tumezisikia sahihi nyingi. Mvua kutwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Barabara ilifunguliwa saa tatu asubuhi, na saa saba Shemeji na Faridi walikuwa mlangoni, wamelowa mpaka kiunoni kwa sababu basi lilikwama kwenye tope wakalisukuma. Shemeji hana fimbo. Ameiacha Kabezi, anasema amemgawia mzee mmoja mwenye mguu mbaya. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwendea Casimir pale kwenye ubao, akamshika mkono kwa mikono miwili, asiuachie. Casimir akasema, "Si kitu, Mzee, murakoze, asante," akamwonyesha vibanio, upande wa pole na upande wa mbio, na Shemeji akauliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika, masikini, kwa kuona haya.

Faridi si mzuri wa sura. Naandika ili nisije nikadanganya baadaye. Ni mrefu, mabega yameinama kwa cherehani, na ana kovu dogo la sindano kwenye kidole. Alimpa Raisa betri mpya, aliyorudi Bujumbura kuinunua, imefungwa katika kipande cha kitenge chenye pindo safi. Raisa alipokea, akasema murakoze, hakumtazama.

Tulipofuturu, Shemeji akakohoa, akaanza hotuba ya kumwomba Raisa radhi. Ilikuwa ndefu. Raisa aliisikiliza yote, akasema, "Ningekuwa mimi ningeuliza kwanza, Baba Mukubwa." Shemeji akasema ndiyo, kweli, na uji ukampalia.

Halafu Raisa akafanya jambo ambalo katika nyumba hii halijafanywa. Akahamisha mkeka wake akaketi mbele ya Faridi, uso kwa uso, sote tukiwepo.

"Ulikuwa unajua ni betri, wakati ulitoka Bujumbura?"

"Hapana."

"Ulikuwa umeamini."

"Nilikuwa nimeambiwa na baba yako."

"Basi niambie. Kama ingekuwa kweli, ungefanya nini?"

Nilitaka kumzuia. Swali hilo bwana gani atalijibu mbele ya watu? Shemeji aliinamia bakuli. Casimir aliacha kutafuna. Faridi hakufanya haraka. Alitazama mikono yake, kitambo, mpaka nikaanza kuhesabu mapigo ya mvua kwenye bati, na nikajikuta simlaumu kwa kukawia. Nilikuwa namngojea atulie.

"Nilikuwa na siku tatu za kufikiri," akasema. "Na mimi mawazo yangu yanatembea pole. Siku ya kwanza nilikasirika. Ya pili nililia, sikufichi. Ya tatu, mule Kabezi, nilikuwa nimefika ku jina."

"Jina ya nini?"

"Ya mutoto."

Shemeji akaliweka bakuli chini.

"Jina gani?" Raisa akauliza.

Faridi akainama, akamwambia kwa sauti ndogo. Sikusikia, na nimejikaza nisiulize. Niliona tu uso wa mwanangu. Kisha Raisa akainuka, akachukua bakuli la Faridi, akalijaza uji bila kuombwa, akaliweka mbele yake kwa mikono miwili, akamgeukia Baba Mkubwa wake akamwambia ndiyo, waende kwa shehe.